Mkono Chini ya Shali

Aunty Mbinya alipoingia jikoni kwetu Kithimani siku ile ya Alhamisi hakuomba maji wala hakuketi. Alimtazama mama, akanitazama mimi, kisha akausukuma mlango kwa mgongo mpaka ukafungika.

"Kamanthe," akamwambia mama, "hao mbuzi wa Jumamosi msiwapokee."

Mama alikuwa anachagua ndengu kwenye ungo. Mikono ikasimama. Mimi nilikuwa nimetoka Machakos asubuhi hiyo, nimefunga kibanda changu cha kushonea nguo kwa wiki nzima, nimewaambia wateja warudi baada ya sherehe. Mkobani mlikuwa na gauni nililojishonea mwenyewe, kitambaa cha rangi ya maziwa, na kila mshono nilikuwa nimeutia nikimfikiria mtu mmoja tu.

Kwa asiyejua mambo ya Ukambani, mbuzi wa ntheo ndio ndoa yenyewe. Hata uwe na pete kidoleni, hata padri awe ameshatangaza majina kanisani, kama mbuzi hao hawajachinjwa kwa baba yako, wewe bado ni msichana wa kwenu. Wakichinjwa, basi, umekwenda. Kwa hiyo Aunty Mbinya hakuwa anazungumzia nyama. Alikuwa anazungumzia maisha yangu.

"Umesikia nini tena, Mbinya?" mama akauliza.

"Sijasikia. Nimeona na haya macho. Jana siku ya soko nilikuwa na nyanya zangu hapo karibu na boma ya Gelle. Huyu Kilonzo wenu akakuja na ile gari nyeupe ya wazungu. Mzungu mwenyewe akashuka, ule mwenye ndevu. Kilonzo akaenda straight kwa Gelle. Gelle akatoa shali yake kwa bega, akafunika mkono. Kilonzo akaingiza mkono wake huko chini."

"Chini ya shali?"

"Chini ya shali. Wakasimama hivyo. Hakuna mtu anaongea. Wanaangaliana tu kwa macho, na mikono inacheza huko ndani."

"Inacheza namna gani?" Hilo lilikuwa swali langu, na sauti yangu sikuitambua.

"Kama mtu anapewa kitu kidogo kidogo, Mutindi. Halafu Gelle akacheka. Mzungu naye akacheka. Wakaachana. Sasa niambie wewe umesoma, hiyo ni biashara ya mbuzi?"

Ningekuwa nimesikia habari hiyo mwaka mwingine wowote ningecheka. Lakini ulikuwa mwaka wa kura ya katiba, na watu walikuwa wamebadilika. Hata kununua matunda sokoni ulitazama nyuma kwanza, maana chungwa, alama ya Hapana, lilikuwa na wenyewe na ndizi, alama ya Ndiyo, ilikuwa na wenyewe. Na Jumatano hiyo hiyo jioni redio ilikuwa imesema kwamba mheshimiwa mmoja anadai nchi ya nje imetia mkono kwa siri katika kura yetu, pesa zinapitia kwa mashirika na kwa wafanyabiashara wa mifugo. Ubalozi ukakana. Waheshimiwa wengine wakasema ni kweli, ila zinakwenda kwa upande ule mwingine. Kila upande uliapa kwamba mtu wa nje ni wa mwenzake, na mpaka leo sijakutana na aliyeonyesha ushahidi. Ila kule kwetu maneno "wa nje" yalipotua, yalitua kwa watu wawili: Gelle Ardo, mfanyabiashara wa mbuzi, na yeyote aliyeonekana ndani ya gari nyeupe. Kilonzo, mpenzi wangu, ndiye aliyekuwa dereva wa gari hilo.

Baba aliingia kabla Aunty hajamaliza kurudia hadithi mara ya pili. Alikuwa amesikia yote dirishani. Mzee Bartholomew ni katekista, mtu wa maneno machache na viatu vilivyopigwa rangi hata shambani, na safari hiyo alikuwa ameteuliwa kusimamia kituo cha kura pale shule ya msingi. Heshima hiyo aliivaa kama koti la Jumapili.

"Jumatatu ni mimi nitafungua yale masanduku mbele ya watu," akasema, "na jioni ni mimi nitayafunga. Mtu akisikia mbuzi za pesa ya nje zilichinjwa kwangu Jumamosi, nitamwangalia na macho gani?"

"Baba, Aunty ameona shali. Hajaona pesa."

"Ndiyo maana sijasema hapana."

Akavuta kigoda akaketi mbele yangu, magoti yetu karibu yagusane. Baba huniita mwaitu, mama yangu, kwa sababu nimebeba jina la mama yake, na akiniita hivyo najua mchezo umekwisha.

"Mwaitu, ni wewe utakaa na yeye, si mimi. Nenda umuulize. Kile utaniambia ndicho nitaamini. Sitauliza mtu mwingine."

Afadhali angekataa. Angekataa ningelia, ningenuna, ningemwita katili moyoni na jambo lingekuwa lake. Sasa alikuwa amelichukua jina lake zima, la kanisani na la kituoni, akaliweka mdomoni mwangu.

*

Nilimpigia Kilonzo simu, nikamwambia tukutane Ijumaa kando ya mfereji wa Yatta, pale wanawake wanapofulia nguo asubuhi na ambapo mchana hapana mtu. Nilifika kwanza kwa makusudi. Nilitaka nimwone anavyotembea akiwa hajajua kwamba ninamtazama.

Alikuja kwa miguu, shati lake la buluu limekunjwa mikono, na moyo wangu, ambao nilikuwa nimeuonya njia nzima, ukafanya vile vile unavyofanya siku zote. Huyu ndiye mwanamume aliyekuja kibandani kwangu na suruali akitaka ipunguzwe, akairudisha akisema bado ni ndefu, akairudisha tena, mpaka ikamfika juu ya vifundo vya miguu. Nilipomwambia sasa imeharibika alijibu kwamba hana neno, suruali anazo nyingine, lakini sababu ya kuja Machakos imemwishia. Nikacheka, na nilipoinua macho alikuwa ananitazama kwa namna ambayo hakuna mtu aliyewahi kunitazama nayo.

"Gari iko wapi?" nikamuuliza kabla hajanisalimia.

"Nimeiwacha Thika. Leo nimeomba ruhusa."

"Ruhusa ya nini?"

"Ya kuoa, mwendwa. Ama umesahau?"

"Juzi mkono wako wa kulia ulikuwa wapi?"

Akaanza kucheka. Aliponiona sicheki, akaacha.

"Kwani nani ameona?"

"Kwa hivyo kuna kitu cha kuonekana."

"Mutindi."

"Usiniite Mutindi. Unaingiza mkono kwa shali ya mtu mchana kweupe, mzungu wako anasimama hapo anacheka, halafu redio inasema ile inasema. Baba amesema mbuzi zako haziingii mpaka nimwambie ziingie. Ameniachia mimi. Unajua hiyo ni nini, kuachiwa kitu kama hiyo?"

Aliketi kwenye nyasi. Sikuketi. Maji ya mfereji yalipita polepole, ya rangi ya chai ya maziwa, na nilikaza macho huko ili nisiyatazame macho yake.

"Hiyo ni bei tu," akasema.

"Bei gani haisemeki na mdomo?"

"Bei ya mbuzi zako. Wasomali wakiuziana ng'ombe ama ngamia, na watu wamewazunguka, hawasemi bei. Wanashikana vidole chini ya nguo. Mwenye kuuza anajua, mwenye kununua anajua, basi. Mimi nimekulia Kithyoko, mifugo ilikuwa inapita kwetu ikitoka huko Garissa, tulikuwa tunacheza hiyo mchezo tukiwa watoto. Gelle hapa hafanyi hivyo na Wakamba. Wakamba wanapiga kelele bei mpaka punda wanasikia. Ni mimi nilimwomba."

"Kwa nini?"

Akainamisha kichwa, na nikaona shingo yake imebadilika rangi.

"Aunty yako alikuwa hapo na nyanya. Ningetaja bei na mdomo, ingefika kwenu kabla yangu. Ikiwa kidogo, nimedharau msichana wa watu. Ikiwa kubwa, Kilonzo anajionyesha na pesa ya wazungu. Nikaona heri nifiche."

"Ukamficha Aunty Mbinya."

"Nikamficha Aunty Mbinya."

Kama si jambo lililokuwa kifuani mwangu, ningeanguka kwa kicheko. Katika soko zima la Kithimani alikuwa amechagua kumficha mtu mmoja asiyefichika. Lakini mimi ni fundi wa nguo. Mtu akiniambia kitambaa ni pamba, sikubali mpaka nikishike. Nikaitoa leso yangu begani, nikaketi mbele yake, nikautandaza upande mmoja juu ya mkono wangu.

"Nionyeshe."

"Hapa?"

"Hapa."

Mkono wake ukaingia chini ya leso, ukatafuta wangu, ukaupata. Tulikuwa wachumba mwaka mzima na hakuwahi kunishika mkono namna ile, bila haraka, kidole baada ya kidole, kama mtu anayesoma kwa vidole. Akakishika kidole changu cha shahada chote. "Hiki ni moja." Akashika viwili pamoja. Akashika kimoja hadi kwenye kiungo cha katikati. "Na hii ni nusu." Joto la kiganja chake lilinipanda mpaka kwenye bega. Nitasema ukweli: kwa muda niliyasahau mambo ya kura, na redio, na masanduku ya baba.

"Hapa ndipo Gelle alianzia," akasema kwa sauti ya chini, akanibana. "Hii ndiyo nilimpa mimi." Akanibana tena. "Na hapa ndipo tulikubaliana."

"Mbona ulimpa zaidi ya kile alitaka?"

"Nilichanganyikiwa. Nilikuwa nakufikiria. Ndiyo maana alicheka. Akanirudishia kidole kimoja."

Tulitazamana. Nilitamani kukaa pale mpaka jua lizame, mkono ndani ya mkono, nisiulize kitu tena. Lakini nikauondoa wangu.

"Na mzungu?"

"Alikuwa anangoja gari. Huyo anacheka kila kitu."

"Hao watu wako wanafanya nini, kwa ukweli?"

"Wanauliza watu maswali. Wewe unaonaje katiba, wewe utapiga kura ama hutapiga. Wanaandika."

"Wakishaandika wanapeleka wapi?"

"Mimi ni dereva, Mutindi."

Alisema hivyo, akasimama, akapangusa nyasi kwenye suruali. Na hapo shaka yangu, iliyokuwa imesinzia chini ya leso, ikaamka. Kuhusu mbuzi alikuwa na majibu marefu yenye Kithyoko na utoto na vidole. Kuhusu wazungu alikuwa na jibu moja fupi, na alilitoa akiangalia kando.

*

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa Gelle.

Siku nyingine boma lake lingekuwa limejaa wanunuzi na vumbi. Ijumaa ile, swala ilikuwa imekwisha na yeye alikuwa ameketi peke yake langoni, shali begani, mbuzi nyuma yake wakilia kwa kukosa wateja. Gelle amezaliwa Kithimani. Kikamba chake kimenyooka kuliko changu mimi niliyezoea mjini.

"Binti ya Bartholomew," akasema. "Karibu. Wewe ndio mtu wa kwanza kuingia hapa tangu juzi jioni."

"Pole, mzee."

"Baba yangu amezikwa hapo juu. Mimi nimeuzia hii mji nyama ya harusi na ya matanga tangu sijaota ndevu. Leo natembea, watoto wananiambia mtu wa nje." Akatikisa kichwa. "Haya. Umetaka nini?"

Nikamwambia. Nilitaka kujua bei ya mbuzi watatu wa Kilonzo.

"Hiyo siwezi."

"Mzee, ndoa yangu iko kwa hiyo bei."

"Hata iwe nini. Bei ya chini ya shali, nikiitoa na mdomo, kesho nani atanipa mkono? Wallahi, hata mke wangu simwambii."

"Basi usitoe na mdomo," nikasema. "Nishike vidole."

Akarudi nyuma kana kwamba nimemrushia kaa la moto. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba mzee yule hamshiki mkono mwanamke asiye wake, na nikaona haya mpaka masikioni. Ila kutoka ndani ya nyumba ikasikika sauti ya mwanamke ikicheka. Farhia, mkewe, alitokea mlangoni, mrefu, mtandio wake wa zambarau umezunguka uso.

"Huyu anaolewa kesho na amekosa usingizi," akamwambia mumewe. "Nipe mimi mkono. Mimi ni wako. Halafu mimi nitampa yeye. Mdomo wako utakuwa umefungwa vile vile."

Walibishana kidogo kwa Kisomali. Mzee akaguna, akatazama mbinguni, kisha akaishusha shali begani. Mkono wa Farhia ukaingia. Nikaona macho ya mwanamke yule yakitulia kama ya mtu anayesikiliza. Alipomaliza akaja kwangu, akafunika mikono yetu kwa mtandio, akanishika: vidole vile vile, kwa mpangilio ule ule, na mwishoni nusu ya kidole, kwenye kiungo cha katikati.

Nilibana meno nisilie mbele ya mzee.

"Iko sawa?" Farhia akauliza.

"Iko sawa."

Akanisindikiza mpaka nje ya lango. Nilikuwa nimeshaanza kumshukuru aliponishika kiwiko.

"Dada, mbuzi ni zako, hiyo sina shaka. Lakini nikikaa kimya nitaumwa na roho. Mwezi uliopita bwana yako alileta maboksi hapa kwa store yetu. Ya huyo mzungu. Akaomba yalale. Yalikaa siku kadhaa, halafu gari ingine ikakuja usiku ikayachukua. Si ile nyeupe."

"Yalikuwa na nini?"

"Sijui. Yalikuwa mazito na yamefungwa na gundi kote. Gelle hakuuliza kwa sababu ni Kilonzo. Sasa na haya maneno ya redio, mimi silali."

Nilirudi nyumbani nikipita njia ya mbali. Vidole vyangu bado vilikuwa na ukweli wake, na masikio yangu yalikuwa na kitu ambacho hakunitajia. Pale mferejini nilikuwa nimemuuliza waziwazi. Alikuwa na nafasi. Aliniambia yeye ni dereva.

Baba alikuwa anapiga viatu rangi barazani.

"Enhe, mwaitu."

Nikamweleza habari ya shali yote, na Aunty Mbinya aliyekuwa amekuja kusikiliza akafungua mdomo akaufunga, jambo ambalo si la kawaida kwake. Nikamweleza jinsi Farhia alivyonishika. Baba akatabasamu, mara ya kwanza tangu Alhamisi.

"Kwa hivyo ni safi."

"Mbuzi ni safi, baba."

"Na kijana?"

Mama alikuwa mlangoni, uso wake umejaa matumaini mpaka nikaona uchungu kumtazama. Gauni langu lilikuwa limetundikwa ukutani nyuma yake.

"Ni safi," nikasema.

Baba akarudi kwenye viatu vyake. Akaniamini papo hapo, kama alivyoahidi, na hakuna kitu kilichowahi kuniuma kama urahisi ule.

*

Jumamosi wakaja. Tuliwasikia kabla ya kuwaona, wanawake wa Kithyoko wakiimba njia nzima, na mbele yao mjomba wake, Mzee Erastus, na fimbo yake. Kilonzo alikuwa nyuma akiwashika mbuzi kamba. Walikuwa wazuri, hilo siwezi kulificha. Manyoya yanang'aa, na yule jike mmoja ameshiba vizuri. Lango lilikuwa bado limefungwa, kama inavyotakiwa, mpaka baba atoke awaulize wanataka nini.

Bibi arusi hatakiwi langoni saa hiyo. Nilipita nyuma ya zizi, nikazunguka ua wa michongoma mpaka pale Kilonzo alipokuwa amesimama kando ya wenzake. Aliponiona ndani ya gauni la rangi ya maziwa akasahau kuvuta kamba.

"Wewe," akasema tu. "Aki wewe."

"Maboksi kwa store ya Gelle," nikamwambia. "Yalikuwa na nini?"

Uso wake ukazimika.

"Sijui."

"Kilonzo."

"Naapa sijui. Niliambiwa nipeleke, nikapeleka. Sikufungua."

"Mbona jana hukuniambia?"

Wanawake walikuwa wanaimba jina langu.

"Ungeniuliza yana nini ndani. Na hiyo ndio swali mimi mwenyewe niliogopa kuuliza. Ile kazi ndiyo imeninunulia kila kitu, hata hizi mbuzi. Nilikuwa nasema, pengine ni karatasi za maswali yao. Pengine ni hivyo. Lakini karatasi za maswali haziendi usiku na gari ingine. Hiyo najua."

"Nimemwambia baba wewe ni safi," nikasema. "Ameniamini."

Tulitazamana. Nilitaka aniombe ninyamaze, ili nimchukie na mambo yaishe. Nilitaka pia asiniombe. Nilitaka lango lifunguliwe, mbuzi wachinjwe, nile, nicheke, nilale mke wa mtu, na ile shaka niibebe mwenyewe kimya kimya maisha yangu yote, kama wanawake wengi wanavyobeba zao.

Baba akatoka. Nikajificha upande wa pili wa ua. Aliwasalimia wazee mmoja mmoja, akamuuliza Mzee Erastus safari, akamuuliza wanatafuta nini. Mzee Erastus akajibu kwa mzaha unaojulikana, kwamba wamesikia hapa kuna ua limechanua. Watu wakacheka. Baba akaweka mkono kwenye komeo.

"Kabla sijafungua," akasema, "siku hizi kuna maneno mengi. Msichana wangu ameniambia hakuna neno, na mimi nimeshika hilo. Nauliza tu kama kawaida ya wazee. Kuna neno lingine?"

"Hakuna," Mzee Erastus akasema.

"Liko," Kilonzo akasema.

Nyimbo zilikuwa zimeshakwisha, kwa hiyo kila mtu alisikia. Alikuja mbele na kamba zake mkononi.

"Baba, mbuzi nimenunua na mshahara wangu. Lakini mwezi uliopita nilibebea hao wazungu maboksi, nikayalaza kwa Mzee Gelle. Sijui yalikuwa na nini. Gelle pia hajui, asilaumiwe. Hayo maneno ya redio yanaweza kuwa uongo. Pia yanaweza kuwa kweli, na ni mimi nilikuwa nabeba. Mutindi nilimwambia sasa hivi tu, kwa hivyo hakukudanganya." Hapo alidanganya, kwa ajili yangu, na alidanganya bila kutikisika. "Nimeona heri usikie kutoka kwangu ukiwa bado hujafungua."

Mzee Erastus alimgeukia kama mtu aliyepigwa kofi. "Kijana, umerogwa? Nani anajifungia mlango mwenyewe?"

Baba hakuondoa mkono kwenye komeo kwa muda mrefu. Kisha akauondoa.

"Umesema mwenyewe," akasema. "Hiyo nimeisikia, na sitaisahau. Lakini Jumatatu niko na masanduku ya watu. Siwezi kufungua hili leo, halafu nifungue yale. Rudini nazo. Kura ikiisha, mkitaka kuja, njooni. Sijui nitawajibu nini."

Hakuna aliyemwimbia mtu tena. Wanawake walikunja leso zao, na Mzee Erastus alikuwa ameshatangulia kwa hasira, fimbo ikipiga mawe. Aunty Mbinya alisimama kando ya mama, amemshika mkono. Kilonzo aliinama, akawageuza mbuzi wake mmoja mmoja kwa upole, akaanza kuondoka.

Nilikuwa nimemwona akiwa na majibu, na sikumwamini. Sasa nilimwona akiwa hana kitu, ametolewa langoni kwa baba yangu mbele ya ukoo wake wote, na shaka niliyokuwa nayo tangu Alhamisi ikanitoka. Yale maboksi sikuyajua, wala sikujua nani alitia mkono katika kura yetu, na pengine sitajua. Yeye nilimjua.

Nikatoka nyuma ya ua, na gauni langu likashikwa na michongoma, likachanika, nikaliacha lichanike.

"Kilonzo," nikaita, mbele ya baba, mbele ya Aunty, mbele ya watu wa Kithyoko wote waliogeuka kunitazama. "Hao mbuzi usiwauze."